Sugu ni sifa au ni tusi? Asili ya neno hili na ndugu zake

#1 MwanaUsumba (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kwenye ofisi moja kuchukuliwa alama za vidole. Mama ana miaka sabini na kitu, na kazi yake tangu usichana ni makumbi. Kwetu Bwejuu wakati ule karibu kila nyumba ilikuwa na shimo lake pwani. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope, yanawekewa mawe juu yasichukuliwe na maji, yanaachwa miezi mpaka yaoze. Kisha yanafukuliwa, yanapondwa kwa mti, unatoka usumba. Usumba ule ukishakauka mwanamke anakaa chini, miguu ameinyoosha, anausokota kwa kuusugua baina ya vitanga viwili vya mikono mpaka ugeuke kamba. Kamba hizo ndizo zilizotuvisha na kutusomesha, mimi na ndugu zangu.

Karani akaweka kidole gumba cha mama kwenye kioo, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Wakapangusa kioo, wakajaribu mkono wa pili, ikakataa. Yule kijana, makamo ya mwanangu wa pili, akamwambia kwa upole kabisa: “Bibi, vidole vyako vishakuwa sugu.”

Mama akautoa mkono, akajitanda buibui lake, akasimama. “Sugu? Mimi sugu? Nimekufanyia nini mwanangu mpaka unitukane?” Tukatoka. Ndani ya daladala njia nzima hakunena.

Nimesomesha Kiswahili skuli miaka ishirini na mbili na sikuwahi kulifikiria neno hili sawasawa mpaka siku ile. Karani alikuwa akisema ngozi. Mama alisikia tabia. Kwa watu wa rika lake, sugu ni mtu anayeambiwa hasikii, anayechapwa haumii, la mwadhini hasikii wala la mteka maji msikitini. Tulipokuwa watoto hilo lilikuwa neno la mwisho kabla ya bakora: “Huyu sugu huyu!” Na wanangu mimi wakitaka kumsifu mtu aliyeshinda taabu wanamwita sugu, wanainua na kidole gumba.

Basi nieleze ninavyoona, nanyi mnisahihishe. Sugu inatokana na kusugua. Ni ile sehemu ya ngozi iliyosuguliwa mara nyingi mahali pamoja mpaka ikawa nene na ngumu: sugu la kasia kwenye kiganja, sugu la kiatu kisigino, sugu la jembe. Lugha yetu ina jozi nyingine za namna hii: chafua na chafu, tifua na tifutifu. Kwa hiyo sugu la kwanza liko mwilini, na halizaliwi na mtu, linafanyika. Kutoka hapo neno likapanda mpaka kwenye tabia, kwa sababu pale penye sugu ukipagusa mwenyewe hasikii vizuri. Mtu asiyesikia maneno akafananishwa na ngozi isiyosikia mguso.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Kiswahili kina maneno mengi ya mtu mgumu asiyevunjika: kakamavu, shupavu, thabiti, jasiri, imara, mstahamilivu. Hayako sawa. Kila moja limetoka kwenye kazi yake na lina uzito wake. Mama yangu alistahiki moja kati ya hayo, akapewa asilolistahiki. Lipi lilikuwa lake?

#2 Vuga_Mjini

Nakaa hapa. Pole kwa mama.

#3 bara_mpole

Mkuu, huku bara sugu ni sifa siku nyingi. Hata yule msanii wa Mbeya, Joseph Mbilinyi, aliingia Bungeni mwaka 2010 na watu wanamwita Sugu, hakuna aliyeona tusi. Maana yake mtu aliyepigwa na maisha na bado amesimama. Nadhani karani wako naye alikuwa na maana hiyo hiyo. Mwambie mama asikasirike.

Ila nakubali kwamba ukisema “mwizi sugu” au “mdaiwa sugu” hapo sifa imekwisha.

#4 Kojani_Dago

Waalaykum salaam maalim.

Mimi nitasema la kakamaa, maana hilo tunalo mikononi. Watu wanadhani ukakamavu ni gwaride. Kila Januari 12, sherehe za Mapinduzi, tunasikia mtangazaji akisema vikosi vinapita kwa ukakamavu, vifua mbele, mikono imenyooka kama mbao. Sawa. Lakini nenda dago ukaone kakamaa yenyewe. Dago, kwa wasiojua, ni kambi ya wavuvi. Sisi wa Kojani tunahama, tunapiga kambi kisiwa cha mbali au pwani ya watu, tunakaa huko wiki au miezi, samaki tunawapasua na kuwaanika. Samaki huyo asubuhi analegea mkononi kama kitambaa. Jioni jua limemla, chumvi imemwingia, umshike mkia umnyanyue anasimama wima. Hapo tunasema amekakamaa. Na ndiyo wazee wakasema samaki mkunje angali mbichi, maana aliyekakamaa ukimkunja atavunjika.

Kamba ya usumba pia, maalim, mama yako atakwambia. Ikilowa maji ya chumvi ikakauka, inakakamaa mpaka inakataa kufungika.

Mkono ukishikwa na mshipa baharini tunasema mkono umekakamaa. Maiti akichelewa kunyooshwa atakakamaa. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anaitwa mkakamavu naona kitu kilichonyooka na kukazika, lakini pia kitu kilichopoteza maji. Kinasimama, ndiyo. Hakikunjiki. Bahari ikichafuka sitaki mtu mkakamavu kwenye dau langu, nataka mtu anayejua kulegeza mkono pale tanga linapovuta.

#5 MwanaUsumba (mleta uzi)

Kojani, Mungu akuzidishie. Hilo la samaki nilikuwa nalo miaka yote kwenye methali na sikuwahi kuliunganisha na ukakamavu.

Niongeze la umbo. Kakamaa anatoa kakamavu kama shupaa anavyotoa shupavu, nyamaa akatoa nyamavu, legea akatoa legevu. Kile kimkia -vu kinatwambia kwamba jambo limemwingia mtu likakaa, limekuwa hali yake. Na zile aa mbili mwishoni ni za zamani sana. Baina yake palikuwa na l iliyodondoka katika Kiswahili. Sisi tunasema kaa, ndugu zetu Wagiriama mpaka leo husema kala. Maneno haya yalikuwako kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga Forodhani.

Na shupavu lina sura mbili kama sugu. Shupaa ni kuwa kitu kigumu kilichoshikana, hakitafuniki. Bibi yangu akisema “mtoto mshupavu” alikuwa hasifu, alikuwa na maana ya mkaidi. Leo tunamwita mshupavu shujaa wa vita na nahodha wa timu. Neno moja, mtu aliyekataa kurudi nyuma. Ukimpenda ni shujaa, ukiwa wewe ndiye unayemrudisha nyuma ni mkaidi.

Gumu nalo ni la kwetu kabisa, la Kibantu. Waganda humwambia mtu mwenye msiba “guma”, yaani jikaze, tia moyo. Sisi huku “mgumu” tumempa pia mtu asiyetoa, bahili. Ukimwambia Mzanzibari “fulani mgumu”, kabla hujamaliza ameshafikiria mfuko wake.

#6 Vuga_Mjini

Nimerudi, nina hoja. Kama sugu ni la kwetu mbona halishiki upatanisho? Tunasema mtu mgumu, watu wagumu, mti mgumu. Tunasema mtu mkakamavu, watu wakakamavu. Lakini mtu sugu, watu sugu, ugonjwa sugu, hakuna msugu wala wasugu. Hivyo hivyo ndivyo yanavyofanya maneno ya Kiarabu: mtu jasiri, watu jasiri, mtu thabiti, watu thabiti. Yamekuja mageni hayakuvaa kanzu zetu. Je sugu si mgeni naye?

#7 MwanaUsumba (mleta uzi)

Hoja nzuri, na nimeipenda kwa sababu inatazama neno linavyotembea badala ya linavyosikika tu.

Lakini kuna mlango wa pili wa kutoshika upatanisho. Jina likisimama mahali pa sifa nalo halibadiliki. Tunasema mtu chuma, watu chuma. Mwanamume jabali. Sugu ni jina: sugu la mguu, masugu ya mikono. Tulipomwita mtu sugu tulimwita kwa jina la kile kipande cha ngozi, ndiyo maana neno limebaki kama lilivyo. Na ukoo wake unaonekana wote nyumbani: sugua, sugulia, suguana, msuguano. Mgeni hafiki na watoto na wajukuu wote hao wakiwa na viambishi vyetu vya kuzaliwa navyo.

Jasiri na thabiti, kweli, ni Kiarabu. Imara vilevile.

#8 Maalim_wa_Makunduchi

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, nimeona sugu moja hamkulitaja na liko mbele ya macho yenu kila Ijumaa. Sijida.

Mtu anayesujudu kwa miaka kwenye mkeka, paji lake la uso hufanya alama nyeusi, ngozi ikawa nene. Ni sugu kama sugu lolote la kisigino. Lakini hakuna Mzanzibari atakayesema “yule mzee ana sugu usoni”. Tunasema ana sijida. Mwili umefanya jambo lile lile, lugha ikalipa jina jingine kwa heshima ya kilichosababisha. Tunaposoma Suratul Fat-h aya ya 29, alama zao zi katika nyuso zao kwa athari ya kusujudu, wako wafasiri walioieleza kwamba hiyo ni khushuu, yaani unyenyekevu, na nuru, si unene wa ngozi. Nalisema hili ili mtu asije akajisugulia paji la uso kwenye jamvi kutafuta sifa.

Sasa maalim mwenzangu, na hapa ndipo ninapokuja kwa mama yako. Kama sugu la sala limepewa jina lake, kwa nini sugu la kulea watoto yatima lisipewe?

Na jengine. Katika Suratul Baqara aya ya 74 nyoyo zilizokuwa ngumu zimefananishwa na mawe, kisha tukaambiwa yako mawe yanayopasuka yakatoka maji. Ugumu wa nje na ukavu wa ndani ni mambo mawili. Mama aliyekasirika alipoitwa sugu hakuwa sugu, maana sugu halisi haumii kwa neno.

#9 MwanaUsumba (mleta uzi)

Maalim, sikuandika popote kwamba sisi ni mayatima, lakini ndivyo ilivyo. Baba alikufa mimi nikiwa darasa la pili. Nimeisoma sentensi yako ya mwisho mara tatu. Ahsante.

#10 Nesi_Chake

Habari za jioni. Mimi nafanya kazi ya afya Pemba, nina mawili.

La kwanza la neno. Sisi hospitali tunalo kila siku: malaria sugu, kifua kikuu sugu, usugu wa dawa. Wakubwa wenzangu watakumbuka klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyokuwa vikiwasha mwili mzima. Ilifika wakati mtu anameza dozi yote na homa inarudi. Zanzibar tukaiacha mwaka 2003, tukaingia dawa mseto, artesuneti na amodiakwini. Watu walikuwa wakisema “mbu wamekuwa sugu” lakini kwenye klorokwini aliyekuwa sugu ni kimelea, si mbu. Mbu naye ana usugu wake, wa dawa za kupulizia na za vyandarua, hiyo habari mbali.

Ila naona neno linapotosha kidogo huku kwetu. Ngozi ya mama yako ni ile ile iliyosuguliwa ikawa ngumu. Kimelea hakiwi hivyo. Dawa ikija vile dhaifu hufa, vichache vilivyokuwa na nguvu ya kuikataa tangu mwanzo hubaki, na hivyo ndivyo vinavyozaana. Mgonjwa anayekatisha dozi akishaona nafuu anawasaidia hao wachache. Mgonjwa akisikia “sugu” anafikiri kimelea kimezoea tu dawa, kama anavyozoea yeye pilipili, na anadhani akipumzika kitasahau. Hakisahau.

La pili la mama. Hali hiyo ya vidole ipo sana kwa waliofanya kazi za mikono: wapasua kokoto, wachuma karafuu, wakulima wa mwani, mafundi wa saruji. Ile mistari ya ncha ya kidole inalika, na ngozi ikiwa kavu mashine haipati kitu. Usiku ampake mafuta ya nazi au glisarini, siku tatu nne mfululizo. Asubuhi ya kwenda aloweke mikono maji ya uvuguvugu, aikaushe vizuri, mafuta yasibaki juu. Na muombe karani ajaribu vidole vyote kumi, asiishie vitatu vinne. Vidole havichakai sawa.

#11 Ziwani_Kimya

Mbona hakuna aliyesema ngangari? Nyie mnajadili maneno ya ugumu Zanzibar mnaruka ngangari!

#12 Vuga_Mjini

Hahaha nilikuwa nasubiri nani atalitaja.

Miaka ile ya uchaguzi wa 2000 chama cha upinzani cha CUF walijiita ngangari, ikawa salamu, ikawa wimbo, mtoto wa miaka minne anakusimamia njiani na ngumi juu. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati ule, Omari Mahita, akajibu kwamba kama wao ngangari basi polisi ni ngunguri. Neno likawa na pacha wake. Mimi nasema linatokana na kung'ang'ania, kushika kitu usikiachie. Ngangari ni anayeng'ang'ania.

#13 MwanaUsumba (mleta uzi)

Kwanza niwaombe, yaliyofuata Pemba Januari 2001 wako wenzetu humu waliofiwa. Tukae kwenye neno, siasa ina majukwaa yake.

Vuga, hiyo asili ya kung'ang'ania naisikia sana, na macho yanaikubali kwa sababu maandishi yanafanana. Masikio hayaikubali. Ng' ya kung'ang'ania ni ile ya ng'ombe, inatoka puani peke yake. Ng ya ngangari ni ya ngazi na ngoma, ina g ndani yake. Kwetu hizo ni sauti mbili mbali, na mtoto wa Kizanzibari hazichanganyi hata akiwa hajaanza skuli. Kutoka moja kwenda nyengine panahitaji sababu, na kufanana kwa herufi si sababu.

Mimi ninachokiona katika ngangari ni sauti yenyewe. Yale ng mawili na r mwishoni yanagonga kama kitu kizito kinachoanguka sakafuni kisipasuke. Ndiyo maana Mahita hakuhitaji kamusi. Alibadilisha a akatia u, nchi nzima ikaelewa kwamba hiki kizito zaidi. Huwezi kuufanya mchezo huo na kakamavu wala mstahamilivu. Lakini neno la namna hiyo ni la uwanjani, linaelekezwa kwa mtu aliyesimama mbele yako. Mama yangu hakuwa anashindana na mtu.

#14 Mwani_Paje

Shikamoo kwa wakubwa zangu. Mimi mkulima wa mwani, na mama yangu kabla yangu. Mwani ulipoanza huku kwetu mwaka 1989 Paje na Jambiani wanawake wengi waliacha makumbi wakaingia baharini, kwa hiyo sisi tumeirithi ile mikono ya mama yako maalim, tumebadilisha kamba tu.

Nataka kusema jambo moja kuhusu sugu ambalo naona wanaume mmelipita. Mnalisema kama kitu kilichokwisha kufanyika. Sisi tunajua linavyofanyika. Msimu wa kwanza huna sugu. Una malengelenge, yanapasuka, maji ya chumvi yanaingia, unalia. Unafunga mwani kwenye kamba kwa vile vikamba vidogo, mamia kwa mamia, bamvua likija, zile siku maji yanapokupwa sana na kujaa sana, unashinda majini mpaka maji yanapojaa. Usiku huwezi kushika kijiko. Wengine huacha hapo hapo. Anayerudi kesho yake na malengelenge yake ndiye anayepata sugu baadaye, na sugu likishakuja kazi ni nyepesi, huumii tena. Kwa hiyo kazi ya kuvumilia hufanyika kabla ya sugu. Mwenye sugu amepumzika. Ukimsifu mtu kwa sugu lake umemsifu kwa wakati asioumia, ule wakati alioumia umeupita.

Samahani kama nimesema sana.

#15 Kojani_Dago

Mwanangu hukusema sana. Hilo mimi sikulijua na nina masugu miaka arubaini.

#16 MwanaUsumba (mleta uzi)

Mwani_Paje, marahaba. Umenipa nilichokuwa nakitafuta tangu posti ya kwanza.

Neno la wakati ule wa malengelenge tunalo: kustahamili. Na lina asili nzuri kuliko yote tuliyoyataja. Ni Kiarabu, mzizi wake ni h-m-l, kubeba. Kutoka mzizi huo huo tunaye hamali, mchukuzi wa bandarini anayetia gunia mgongoni. Tuna himili, kuweza kuubeba uzito. Na wazee walikuwa na himila, yaani mimba. Mchukuzi wa gunia, mwanamke mwenye mtoto tumboni na mtu aliyenyamaza na taabu yake, wote watatu wamo ndani ya neno moja, na wote watatu wanausikia uzito wakati wanaubeba. Hapo ndipo mstahamilivu anapoachana na sugu. Sugu hasikii. Mstahamilivu anasikia na bado hajautua mzigo. Na hapo ndipo anapoachana na mkakamavu wa Kojani pia, maana mwenye gunia mgongoni lazima apinde.

Vumilia na subira ni jirani zake, lakini subira naiona zaidi kwa anayengoja, na mama hakungoja kitu. Alikuwa na kamba ya kumaliza kabla ya mnunuzi kupita Jumamosi.

Kesho kutwa nampeleka tena ofisini. Anapakwa mafuta ya nazi kila usiku, mjukuu wake ndiye anayempaka.

#17 bara_mpole

Tupe mrejesho mkuu. Na nafuta niliyosema ya mama asikasirike.

#18 MwanaUsumba (mleta uzi)

Mrejesho. Tumerudi leo saa sita.

Karani alikuwa yule yule. Alipomuona mama alisimama, akamwamkia, akamwambia: “Bibi, siku ile nilikosea neno, unisamehe.” Sikuwa nimemwambia kitu. Nadhani alimsikia mama alivyosema pale mlangoni na likamkaa. Mama akaitikia marahaba, akakaa.

Gumba likakataa. Shahada, cha kati, cha pete, vikakataa. Mkono wa kulia wote ukakataa. Kijana hakuharakisha, kila kidole alikipangusa na kukiweka tena, na nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu lakini hakuna aliyeguna. Tukaingia mkono wa kushoto, vikakataa vinne. Kikabaki kidole cha mwisho, kile kinachokaa pembeni mtu anaposokota, hakiguswi na usumba. Kikawekwa. Taa ikawa kijani.

“Tayari, bibi,” akasema karani, na kwenye kompyuta ikatokea ile mistari, imezunguka mizuri kabisa, kama ya mtoto.

Mama aliitazama kwa muda, kisha akakitazama kidole chenyewe. “Katika kumi hiki ndicho kisichojua kazi,” akasema. “Ndicho kitakachowaambia watu mimi nani?”